Hospitali Sita, Daftari Moja

(Maneno ya mazungumzo juu ya utafiti wa tiba unaofanywa kwa ushirikiano wa hospitali nyingi)

Katika majira ya mvua, malaria inapozidi, wodi za watoto katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki hujaa hata watoto wawili hulazwa kitanda kimoja. Kati yao huletwa wengine ambao hali yao ni mbaya kabisa: mwili una homa kali, mikono na miguu ni baridi, mapigo ya mshipa ni dhaifu na ya mbio, pumzi ni za shida, na mtoto hamtambui tena mamaye. Dalili hizo zaonyesha kwamba damu haizunguki mwilini kama inavyopasa. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa jambo moja la kumfanyia mtoto wa namna hiyo, nalo ni kumtia maji ya chumvi katika mshipa, mengi na kwa haraka, ili mishipa ijae na damu ipate kwenda. Fundisho hilo lilikuwamo vitabuni, liliaminiwa na mabingwa, na katika hospitali za nchi tajiri lilikuwa desturi ambayo hapana aliyeiuliza.

Lakini palikuwa na kasoro katika elimu hiyo. Hospitali za nchi tajiri zina mashine za kusaidia pumzi, na mgonjwa mahututi huwa na muuguzi wake wa kumwangalia saa zote. Maji yakizidi mwilini, hutambuliwa mara moja na msaada upo karibu. Hospitali nyingi za Afrika hazina vitu hivyo. Kwa hiyo madaktari walikuwa wamegawanyika: wengine walifuata vitabu, wengine waliogopa wakatia maji polepole, na kila mmoja alikuwa na hoja zake na wagonjwa wake wa kutolea mfano. Mabishano kama hayo hayamalizwi kwa maneno, humalizwa kwa kupima. Mazungumzo haya yaeleza jinsi jambo hilo lilivyopimwa, na zaidi yaeleza vile vitu vilivyopasa kujengwa kwanza, kabla kipimo chenyewe hakijaweza kufanywa.

Msikilizaji huenda akauliza: Je, daktari mwenye macho na akili hawezi kutambua peke yake kama dawa yafaa ama yadhuru? Mara nyingine aweza. Dawa ikiwaponya watu tisa katika kumi, ambao zamani wote wangalikufa, hata kipofu ataona. Lakini dawa nyingi hazina tofauti kubwa kiasi hicho. Na afikiriwe daktari ambaye kwa mwaka mmoja amewatibu watoto mia kwa njia moja, na watoto mia kwa njia nyingine. Upande mmoja wamekufa saba, upande wa pili kumi. Je, hao watatu waliozidi wameuawa na dawa, au ni bahati tu, kwamba mwaka ule waliangukia upande ule watoto waliokuwa wamechelewa zaidi njiani? Daktari huyo hana njia ya kujua, hata awe hodari namna gani. Apaswa kuwa na watoto maelfu. Na hospitali moja ikingoja maelfu ya watoto wa hali hiyo itangoja miaka mingi, na katika miaka hiyo wauguzi watabadilika, dawa zitabadilika, hata malaria yenyewe itapanda na kushuka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na hapa chawa mwenyewe ni mdogo, hata haonekani mpaka vidole vingi vikutane.

Jambo hilo si geni katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtu mwenye kifua kikuu alitakiwa kutumia dawa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Wagonjwa wengi walichoka, wakaacha dawa walipoona nafuu, na ugonjwa ukarudi, mara nyingine ukiwa mkali kuliko kwanza. Hospitali za Afrika ya Mashariki zikaungana na Halmashauri ya Utafiti wa Tiba ya Uingereza kupima kama miezi sita yaweza kutosha. Wagonjwa walitibiwa hapa, kwa kanuni moja, na makohozi yao yalipelekwa London kuoteshwa katika maabara moja, ili kusiwe na shaka kwamba maabara hii ilikuwa kali na ile ilikuwa legevu. Katika wale waliotumia streptomaisini, isoniazidi na rifampisini kwa miezi sita, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa kama 3 katika mia, yaani sawasawa na wale wa miezi kumi na minane. Waliopewa streptomaisini na isoniazidi peke yake kwa muda huo huo wa miezi sita, walirudiwa kama 29 katika mia. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, na miezi sita ambayo leo mgonjwa wa kifua kikuu huambiwa na muuguzi wake, awe Kisumu au Calcutta, yana asili yake kwa sehemu kubwa katika kazi ile. Tena yafaa kukumbuka kwamba wagonjwa walioifanya kazi hiyo iwezekane walikuwa watu wa kawaida, wakulima na vibarua, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Basi turudi, si kwa kifua kikuu, bali kwa wale watoto wa homa kali. Utafiti wao uliitwa kwa kifupi FEAST. Uliongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland kutoka Kilifi, katika pwani ya Kenya, na upande wa Uganda kazi hiyo iliongozwa na Profesa Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi katika Kenya, Hospitali Teule ya Muheza, karibu na Tanga, katika Tanzania, na katika Uganda hospitali nne, yaani Mulago iliyoko Kampala, Mbale, Soroti, na Lacor iliyoko Gulu. Mtu akitaka kwenda kwa barabara kutoka Kilifi mpaka Gulu atasafiri zaidi ya kilometa 1,000 na kuvuka mpaka wa nchi. Baadhi ya hospitali hizo ni za serikali na nyingine zina asili ya misheni. Moja ni hospitali kuu ya taifa, nyingine ni za wilaya. Hazikuwa na desturi moja ya kuandika habari za mgonjwa, wala vifaa vilivyolingana.

Watu wengi, wakisikia habari za kujenga msingi wa utafiti, hufikiri juu ya majengo, maabara zenye vioo na mitambo ya bei kubwa. Vitu hivyo vina kazi yake. Lakini katika shughuli hii jambo gumu lilikuwa jingine: kuzifanya hospitali sita ziseme lugha moja. Ikiwa Soroti muuguzi asema mtoto ana pumzi za shida, na Muheza mwenziwe asema hivyo hivyo, je, wote wawili wameona kitu kimoja? Mikono baridi ni baridi kiasi gani? Damu ikibanwa ukuchani ikakawia kurudi, ni kukawia kwa sekunde ngapi? Maneno hayo yalipaswa kuelezwa, kufundishwa, na kufundishwa tena, mpaka alama iliyoandikwa kwenye karatasi moja iwe na maana ile ile katika hospitali zote sita.

Kadhalika ilionekana kwamba haifai kupima maji katika hospitali ambayo haina hata hewa ya oksijeni. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, watumishi wa hospitali hizo walifundishwa jinsi ya kuwachagua kwenye foleni watoto walio mahututi na kuwahudumia kwanza. Zililetwa na njia za kumpatia mtoto oksijeni, pamoja na vifaa vidogo vya kubana kidoleni vinavyoonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Hayo yalikuwa ya lazima kwa sababu ya haki, wala si kwa sababu ya hesabu tu. Mtoto aliyeingizwa katika utafiti hakupaswa kuwa chombo cha kujipatia elimu. Alipaswa kutibiwa vizuri kadiri ilivyowezekana, awe ameangukia kundi lolote. Matunda yake yalionekana mapema, kwani watoto wa kundi la kulinganisha walikufa wachache kuliko vile wenye hesabu walivyokuwa wametazamia.

Makundi yalikuwa matatu. La kwanza lilitiwa maji ya chumvi kwa haraka. La pili lilitiwa kwa haraka maji yenye albumini, ambayo ni sehemu ya damu ya binadamu iliyosafishwa. La tatu halikutiwa maji ya haraka, bali lilipata maji ya kawaida ya polepole. Makundi yote matatu yalipata dawa za kuua vijidudu, dawa za malaria na damu, kwa kila aliyezihitaji. Nani aingie kundi gani halikuwa jambo la daktari kuamua. Katika kila hospitali paliwekwa bahasha zilizofungwa, zisizoonyesha kilichomo, zenye namba zinazofuatana. Mtoto akifaa kuingizwa, bahasha ya namba iliyofuata hufunguliwa, na kilichoandikwa ndani hufuatwa. Wako wanaoona vibaya kwamba maisha ya mtoto yaamuliwe kwa kura. Lakini msikilizaji na afikiri: daktari akiachiwa kuchagua, huruma yake itampeleka kumpa yule aliye hoi zaidi kile anachokiamini yeye. Ndipo baadaye, kundi hilo likifa zaidi, haitajulikana kama ni dawa iliyowaua au ni ule uhoi waliokuja nao. Kura haina huruma wala upendeleo, na pale ambapo hapana ajuaye ukweli, ndiyo njia ya haki iliyobaki.

Jambo la ridhaa ya wazazi nalo lilileta shida ya namna yake. Sheria ya utafiti yataka mzazi aelezwe yote, apewe nafasi ya kuuliza, kisha atie sahihi. Lakini mama aliyefika hospitali usiku, mtoto akikoroma mikononi mwake, hawezi kusikia maelezo ya nusu saa, wala mtoto hawezi kungoja. Halmashauri za maadili za nchi zilizohusika zilikubali njia ya hatua mbili: kwanza mzazi aelezwe kwa maneno machache na kukubali au kukataa kwa mdomo, kisha, mtoto akipata nafuu, aelezwe yote kwa utulivu na kuombwa ridhaa kamili kwa maandishi. Njia hiyo ilibishaniwa na wanazuoni, na yafaa ibishaniwe, maana mzazi aliye katika hofu ni rahisi kusema ndiyo kwa neno lolote analoambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Hata hivyo, bila njia kama hiyo, watoto walio katika hatari kubwa kuliko wote ndio wangalibaki wakitibiwa kwa kukisia tu.

Tena palikuwa na halmashauri ya waangalizi, ambayo haikuwa chini ya wale waliokuwa wakiendesha kazi. Madaktari wa wodini hawakuonyeshwa jumla ya vifo katika kila kundi. Waangalizi hao peke yao ndio waliofungua daftari mara kwa mara na kulinganisha makundi. Kazi yao ilikuwa kusimamisha shughuli yote iwapo wangeona kundi moja linadhurika. Mpango ulikuwa kuwaingiza watoto 3,600. Kazi ilianza Januari 2009. Januari 2011 waangalizi walishauri isimamishwe, nayo ikasimamishwa. Watoto 3,141 walikuwa wamekwisha kuingizwa katika makundi hayo matatu, na zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria.

Kabla ya hapo wengi walitazamia kwamba, kama kungekuwa na tofauti yoyote, ingekuwa ni faida ya maji. Ilikuwa kinyume. Katika muda wa saa 48 za kwanza, kati ya watoto 1,044 wasiotiwa maji ya haraka walikufa 76, yaani 7.3 katika kila mia. Kati ya 1,047 waliotiwa maji ya chumvi walikufa 110, yaani 10.5 katika mia. Kati ya 1,050 waliotiwa maji ya albumini walikufa 111, yaani 10.6 katika mia. Kwa maneno mengine, katika kila watoto mia waliotibiwa kwa njia iliyosifiwa na vitabu, walikufa watatu zaidi kuliko katika mia wasiotibiwa kwa njia hiyo. Baada ya wiki nne tofauti ilikuwa ipo vile vile. Habari hizo zilichapishwa katika jarida la madaktari la New England, nchini Marekani, mwezi wa Mei 2011.

Lakini sehemu ya kustaajabisha zaidi ilijulikana hesabu zilipochunguzwa kwa undani. Baada ya saa moja tangu kuanza kutibiwa, watoto waliotiwa maji ya haraka walionekana wana nafuu kuliko wenzao: dalili za damu kutozunguka zilikuwa zimeondoka kwa 43 katika mia yao, na kwa 32 tu katika mia ya wale wengine. Basi muuguzi aliyekuwa amesimama kando ya kitanda aliona kwa macho yake mikono ya mtoto ikipata joto, mama akamshukuru Mungu, na daktari akaenda kwa mgonjwa mwingine akiwa na hakika kwamba maji yamefanya kazi. Kifo kilikuja baadaye, saa za usiku, mara nyingi kwa moyo na mzunguko wa damu kuzimika. Na aliyekuwapo saa hizo alidhani ni ugonjwa umeshinda dawa. Hapa ndipo ionekanapo kwa nini uzoefu wa mtu mmoja, hata uwe wa miaka thelathini, usingaliweza kuufichua ukweli huu. Kila siku uzoefu huo ulikuwa ukipewa ushahidi wa uongo. Daftari la hospitali sita tu, lililoandikwa kwa kanuni moja, ndilo lililoweza kuhesabu mpaka asubuhi.

Hapa hapana budi kutoa tahadhari, maana habari hii imewahi kusimuliwa vibaya. Watoto waliokuwa wakiharisha na kupungukiwa na maji mwilini hawakuingizwa katika utafiti huo, wala wale wenye utapiamlo mkali, wala walioungua moto. Mtoto anayeharisha ahitaji maji, kwa kinywa akiweza kunywa, na kwa mshipa akizidiwa. Mzazi asiyakatae kwa sababu amesikia kwamba maji yaua. Swali lililopimwa lilikuwa juu ya mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vema, na jibu ni la huyo.

Kazi yote hiyo ingalikuwa bure kama watu wangeikimbia. Katika pwani ya Kenya habari za mumiani ni za kale, na mtoto hutishwa nazo hata leo. Mahali ambapo wageni wenye magari hufika vijijini, huuliza majina ya watu wa kila nyumba, kisha huchukua damu na kuipeleka katika majokofu, haishangazi kwamba watu watanong’ona. Uvumi huo si ujinga mtupu. Mtu aona damu ikitoka, lakini haoni ikirudi na habari yoyote. Aona majengo mapya, naye apanga foleni ile ile ya zamani kupata vidonge. Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya kimekuwapo kando ya hospitali tangu 1989, mambo hayo yalipaswa kushughulikiwa kama sehemu ya kazi yenyewe. Tangu mwaka 2000 watu wa eneo kubwa linalozunguka hospitali hiyo wamekuwa wakiandikwa nyumba kwa nyumba, kuzaliwa kwao, kuhama kwao na kufa kwao, hata ijulikane mtoto aliyelazwa ametoka wapi na aliporudi alipatwa na nini. Pamoja na hayo, wakaazi huwachagua wawakilishi wao, wanaokutana na watu wa utafiti, kuwaletea malalamiko ya kijiji na kurudisha majibu. Mikutano hiyo ni mirefu, mara nyingine ni ya ukali, na hapana mashine iwezayo kuwekwa mahali pake.

Kitu kilichojengwa kwa ajili ya swali moja chaweza kujibu na maswali mengine, ikiwa hakibomolewi. Kilifi na Muheza zilikuwa tayari zimeshiriki katika utafiti mwingine, uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, wa kulinganisha dawa mbili za malaria kali. Kwinini ilikuwa dawa ya tangu enzi. Artesunati ilitokana na mmea uliotumiwa na waganga wa China. Kati ya watoto 5,425, waliokufa kwa upande wa kwinini walikuwa 10.9 katika mia, na kwa upande wa artesunati 8.5. Kilifi vile vile, pamoja na Siaya na Kombewa, ilikuwa kati ya vituo 11 vya nchi saba vilivyopima chanjo ya malaria kwa watoto 15,459 tangu 2009 mpaka 2014, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali itumiwe mwezi wa Oktoba 2021. Na hospitali za Mulago, Mbale na Soroti, baada ya kumaliza habari ya maji, ziliungana na Blantyre ya Malawi kuuliza juu ya damu: mtoto mwenye upungufu mkali wa damu aongezewe lini, na kiasi gani? Majibu yao yalichapishwa mwaka 2019, nayo yalionyesha kwamba kiasi kinachofaa hutegemea kama mtoto ana homa au hana. Ni swali ambalo hospitali zenye benki tele za damu zisingalikuwa na haja ya kuliuliza.

Udhaifu wa kazi hizo ni kwamba fedha zake huja na tarehe ya mwisho. Muuguzi aliyefundishwa miaka miwili kuandika sawasawa, karani aliyejua kila kasoro ya daftari, mtu wa maabara aliyeamka usiku umeme ulipozimika ili vielelezo visiharibike, wote hao huajiriwa kwa mkataba, na mkataba ukiisha hutawanyika. Swali jipya likija baada ya miaka mitatu, kazi huanzwa tena chini kabisa. Ni hasara kubwa kuliko ya mashine kuharibika, maana mashine hununuliwa. Njia moja ya kuizuia ni kuifanya karatasi ya utafiti na karatasi ya kawaida ya hospitali iwe moja. Katika Kenya jambo hilo limejaribiwa tangu 2013: wodi za watoto za hospitali kadhaa za kaunti zilikubaliana na Wizara ya Afya, chama cha madaktari wa watoto na watafiti, kutumia karatasi ya namna moja kwa kila mtoto anayelazwa. Mtoto akitoka, karani huingiza habari zake katika kompyuta, na baada ya muda kila hospitali hupelekewa taarifa ya kazi yake yenyewe: ni watoto wangapi waliopimwa uzito, ni wangapi waliopewa dawa kwa kipimo kisicho sawa. Hayo ni mambo madogo, wala hayaandikwi magazetini. Lakini hospitali yenye kujua habari zake hivyo yaweza kuingia katika utafiti mkubwa bila kuanza na alifu.

Baki ya safari ni ile ya kutoka karatasi iliyochapishwa mpaka mkono wa muuguzi, nayo haina mwendo mmoja. Habari ya artesunati ilichapishwa mwishoni mwa 2010, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikwisha kubadili mwongozo wake. Habari ya maji ilichapishwa mwaka huo huo wa 2011, lakini mwongozo uliokuja mwaka 2013 ulikuwa bado unaagiza maji ya haraka kwa mtoto mwenye dalili zote za damu kutozunguka, na mabishano yaliendelea. Kumwambia daktari aongeze dawa mpya ni rahisi. Kumwambia aache alichokuwa akikifanya kwa nia njema, na kwamba huenda kilikuwa kikidhuru, ni mzigo mwingine. Wengine walisema kwamba watoto wale hawakuwa na ugonjwa wenyewe, wengine kwamba matokeo ni ya Afrika tu kwa kuwa hapana mashine za pumzi. Hoja hizo zilijibiwa kwa hesabu zile zile za hospitali sita, kwa kuwa habari za kila mtoto zilikuwa zimeandikwa kiasi cha kuweza kufunguliwa na kupangwa upya: walio na malaria na wasio nayo, wenye upungufu wa damu na wasio nao, wachanga na wakubwa. Kila zilipopangwa, hapakuonekana kundi la watoto lililofaidika kwa yale maji ya haraka.

Mwaka 2016 mwongozo mwingine ulitolewa. Unaagiza kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za damu kutozunguka vema asitiwe maji ya haraka, bali apewe maji ya kawaida ya kumlisha mwili. Mwenye dalili zote tatu, yaani mikono na miguu baridi, damu kukawia kurudi ukuchani kwa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya mbio, atiwe mililita 10 mpaka 20 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa muda wa dakika 30 mpaka 60, na muuguzi amwangalie wakati wote maji yanapoingia.